Mwalimu wa Bure

Kisa hiki nakiweka Goweko, na msomaji wa Tabora asijisumbue kuuliza ni nyumba ipi. Si nyumba moja. Kimeungwa kwa vipande vya nyumba za malezi zinazopokea mafrateri kutoka nchi mbalimbali, na waliopitia nyumba za namna hiyo watavitambua vipande vyao. Nimekileta hapa kwa sababu ya mahali penyewe. Goweko ni kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Kabla Wajerumani hawajaifikisha reli Tabora mwaka 1912, misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa ikipita pande hizi: ukishaivuka Mgunda Mkali unafika Tura, unakwenda Rubuga, unakwenda Kigwa, kisha Tabora. Wamisionari, wafanyabiashara, wapelelezi, karibu kila mgeni aliyeingia bara kwa njia hiyo, nia yake iwe njema au mbaya, alipita jirani na hapa, mzigo wake ukiwa kichwani mwa mtu mwingine.

Basi tuseme nyumba ilikuwa hapo, ng'ambo ya reli, kwenye miembe. Mafrateri kumi na wanne: watano wa Kongo mashariki, watatu wa Burundi, wawili wa Madagaska, waliobaki Watanzania. Shirika liliwapa miezi tisa ya kusoma Kiingereza kabla ya kwenda Nairobi kuanza falsafa, ambako mihadhara, vitabu na mitihani vyote ni kwa Kiingereza. Kwa Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita, miezi tisa inatosha kunoa alichonacho. Kwa kijana wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, ni muda mfupi wa kutisha.

Mwalimu wa Kiingereza aliyekuwapo alipata ajira serikalini, akaondoka. Gambera, mkuu wa nyumba, akawa anatafuta mwingine kwa fedha ambayo hakuwa nayo. Ndipo ikaja barua pepe kutoka parokia moja ya Marekani: mume na mke, wastaafu, mume alikuwa wakala wa bima, mke mhasibu, wanataka kulitolea Kanisa la Afrika mwaka mmoja wa maisha yao. Nauli watajilipia. Posho hawataki. Watafundisha Kiingereza. Gambera alijibu siku hiyo hiyo, na katika jibu lake refu aliuliza habari za chakula wanachopenda, chanjo ya homa ya manjano, na kama wangependa chumba kilicho mbali na kelele za reli. Hakuuliza kama wamewahi kufundisha.

Simlaumu haraka haraka. Kumwuliza mtu anayekuja kwa hiari yake, kwa nauli yake, eti ana cheti gani, kwetu ni kama kumfungia mlango. Lakini gambera huyo huyo alimjaribu mpishi jikoni siku tatu kabla ya kumwajiri, na fundi wa tangi la maji alitakiwa kwanza aonyeshe tangi jingine alilolijenga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa. Aliyeangalia mgeni huyo analima nini, na katika shamba la nani, hakuwapo.

Walipokewa kwa ngoma na kitenge, mbuzi akachinjwa. Kufikia wiki ya pili kila mtu aliwaita Mzee na Mama, na niseme wazi kwamba walikuwa watu wazuri. Waliamka na kuhudhuria masifu ya asubuhi. Walikula dagaa bila kukunja uso. Mama alijifunza kusema "mwangaluka" na wazee wa kijijini wakamcheka kwa furaha. Kisa hiki kingekuwa rahisi kukisimulia kama wangekuwa watu wabaya.

Darasani walifanya ambalo mtu yeyote angefanya bila kufundishwa namna nyingine: walizungumza. Walikuja na kitabu cha mazungumzo kilichoandikwa kwa wahamiaji wanaoingia Marekani, chenye masomo ya namna ya kuagiza chakula hotelini, kuuliza lango la ndege na kukodi nyumba. Mafrateri wakaigiza uwanja wa ndege kwa miezi miwili, mmoja akiwa abiria, mwingine mkaguzi wa mizigo, kicheko kikisikika hadi barabarani. Hakuna aliyewaambia Mzee na Mama kwamba vijana hawa, miezi michache mbele, watapewa kurasa ishirini za Aristotle usiku mmoja na kutakiwa wazieleze asubuhi. Nao hawakuuliza, kwa kuwa hawakujua kwamba hilo ni swali la kwanza la mwalimu wa lugha: huyu anajifunza ili afanye nini nayo?

Kisha kulikuwa na makosa. Watanzania walikuwa wakisema "he" wanapomtaja Bikira Maria na "she" wanapomtaja Mtakatifu Petro, kwa kuwa Kiswahili hakimtenganishi mume na mke katika "yeye". Wakongo hawakukosea hapo, maana Kifaransa kilishawazoeza. Wao walinaswa na maneno yanayofanana sura katika lugha hizo mbili yenye maana tofauti: frateri mmoja aliyetumwa "library" alikwenda kuomba ruhusa ya kupanda treni ya Tabora, kwa sababu kwa Kifaransa neno la sura hiyo ni duka la vitabu. Mwalimu aliyefundwa angeona mara moja kwamba ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Mzee aliona vijana wanaokosea, akawasahihisha wote kwa namna moja. Mrundi mmoja alipomwuliza kwa nini sentensi hii inataka "since" na ile inataka "for", Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa, akajibu kwamba hivyo ndivyo inavyosikika vizuri. Kwake ilikuwa kweli. Kwa Mrundi hakuna kilichosikika.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mzee."

Jibu hilo lilimdanganya kila siku. Kijana aliyelelewa pande zetu hamwambii mtu wa umri wa babu yake, mbele ya watu, kwamba hajaelewa. Angekuwa anamwambia kwamba hajui kueleza. Kwa hiyo kadiri somo lilivyokuwa gumu, ndivyo "ndiyo" ilivyotoka kwa pamoja na kwa sauti.

Hapa nataka nikae kidogo, maana jambo hili lina historia mlangoni pake. Kipalapala, upande wa pili wa Tabora, ina seminari kuu tangu mwaka 1925. Kwa miongo mingi masomo ya huko yaliendeshwa kwa Kilatini, kama ilivyokuwa katika seminari kuu za Kikatoliki duniani kote hadi miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Vijana wa Kinyamwezi, Kisukuma na Kifipa walijifunza teolojia kwa lugha ambayo hakuna mama yeyote duniani anayembembelezea mtoto, na wakaimudu. Walipata maneno makali pia, sisifu hilo. Ila tazama jambo moja: kila aliyewafundisha Kilatini alikuwa amekijifunza mwenyewe, kwenye dawati, kwa jasho, akikosea. Hakuna aliyekwenda Kipalapala kufundisha Kilatini kwa hoja kwamba amezaliwa nacho. Mwalimu alijua mahali mguu unapoteleza, kwa kuwa wa kwake uliteleza hapo hapo.

Kiingereza kimetupokonya busara hiyo. Mtu akizaliwa Ohio, tunamhesabu mwalimu tayari, na binti wa Nzega aliyehangaika na lugha hiyo miaka kumi na mitano, akasomea ualimu wake, tunamwona ni wa kubahatisha tu hadi mzungu apatikane. Kiingereza ndicho alichogombana nacho kwa miaka yote hiyo hadi wakapatana. Anajua kila mlango wa nyuma.

Twende kwenye lililoumiza.

Mwezi wa nne Mama alitoa zoezi la kuandika: siku iliyobadilisha maisha yangu. Huko kwake ni zoezi la kawaida. Mtoto huandika siku alipopata mbwa. Frateri mmoja wa Kivu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliandika usiku ambao familia yake ilikimbia kijiji, na nani hakufika mtoni. Aliandika kwa Kiingereza kibovu kilichoeleweka kila neno. Mama alilia. Asubuhi akamwomba awasomee wenzake, naye akasoma, kwa kuwa ameombwa na Mama. Baadaye Mama, kwa moyo ule ule, aliinakili insha katika barua yake ya kila mwezi kwa waumini wa nyumbani, pamoja na jina la kijana na picha yake. Watu waliguswa, michango ikaja, kisima cha nyumba kikapata pampu mpya. Kijana alijua baada ya majuma, alipopata salamu za rambirambi kutoka kwa mtu asiyemfahamu.

Hakulalamika. Tangu siku hiyo akawa anaandika mistari mitatu. Akiulizwa anajibu neno moja. Mwalimu aliyesomea kazi hii hufundishwa, pamoja na mambo mengine, kwamba darasa lenye watu waliopitia vita halipewi zoezi la namna hiyo bila mlango wa kutokea, na kwamba alichoandika mwanafunzi ni mali yake. Mama hakusomea. Alidhani amefungua moyo wa kijana. Kumbe ndipo ulipofungwa.

Mwezi wa saba walezi walikaa kujadili nani aendelee Nairobi. Gambera akapendekeza Mzee na Mama waandike ripoti ya kila mmoja, maana, alisema, wao wanakaa nao saa nyingi kuliko sisi. Ripoti ikaja, imechapwa vizuri. Frateri wa Dar es Salaam, msemaji, mcheshi, aliyeigiza mkaguzi wa mizigo kuliko wote, aliandikiwa kwamba Kiingereza chake ni safi na ana karama ya uongozi. Yule wa Kivu aliandikiwa kwamba uwezo wake ni mdogo na hana ari. Maneno hayo mawili ya mwisho, kwenye meza ya walezi, hayahusu tena lugha. Yanahusu wito. Alirudishwa mwaka.

Msemaji baadaye alikwenda Nairobi, akaanguka kwenye insha ya kwanza na ya pili. Alikuwa anaongea vizuri. Kusoma kurasa kumi na kusema mwandishi anadai nini alikuwa amechelewa kufundishwa. Lakini huyo alikuwa na ulimi wa kuomba msaada, akasaidiwa, na sina hofu naye.

Turudi Goweko, baada ya ripoti ile. Aliyeligundua jambo lenyewe ni mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyefundisha Kiingereza sekondari za Tabora karibu maisha yake yote na sasa anafuga nyuki karibu na Goweko. Alikuwa akileta asali nyumbani hapo. Siku moja alimkuta yule kijana chini ya mwembe na kitabu, akaketi naye, kisha akaingia ofisini kwa gambera.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Karibu, Mwalimu. Asali imefika?"

"Asali ipo. Yule mtoto wa Kongo mnayesema hajui Kiingereza, nimempa ukurasa wa Augustino, nikamwambia anieleze kwa Kiswahili. Ameeleza yote. Kiswahili chake cha huko kwao, lakini ameeleza yote. Tatizo lake haliko kichwani, Padre."

Gambera alinyamaza. Kipimo alichokitumia mama yule hakina gharama yoyote, na mtu yeyote katika nyumba ile angeweza kukitumia wakati wowote. Darasa zima lilikuwa na Kiswahili cha aina mbili tatu, Kifaransa, Kirundi, Kimashi, Kimalagasi, Kinyamwezi. Kila kijana pale alikuwa na lugha tatu au nne kichwani. Miezi yote ile walichukuliwa kuwa watu wasio na lugha, kwa sababu tu hawakuwa na hiyo moja.

Wazee wa njia ya msafara wangelitambua kosa hili. Mwaka 1877 London Missionary Society ilianza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwa ushauri wa mchungaji Roger Price aliyezoea magari hayo kusini mwa Afrika. Huko yalifaa sana. Njia ya huku ilikuwa na mbung'o. Ng'ombe walikufa, magari yakaachwa, na mizigo ikaishia pale inapoishia siku zote, vichwani mwa wapagazi. Mpagazi yeyote wa Kinyamwezi angeweza kuwaeleza kwa nini watu wa njia ile hawatumii ng'ombe kubeba vitu. Lakini alikuwa ameajiriwa abebe, si ashauri.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadre Weupe kwa kanzu zao, nao walijifunza kwa hasara. Msafara wao wa kwanza ulipita hapa mwaka 1878, na Padre Pascal alikuwa ameshafia njiani Agosti kabla hawajafika Tabora. Miaka miwili iliyofuata waliongezewa walei wa kujitolea, waliokuwa askari wa Papa, wenye imani na bunduki. Kadhaa walifariki au kurudi kwao mapema. Mmoja wao, Joubert, alibaki upande wa pili wa Ziwa Tanganyika hadi kufa kwake mwaka 1927, lakini Joubert mmoja hathibitishi njia. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma, alikuwa akifikiria jambo jingine pia: mwaka 1881 alifungua chuo Malta cha kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Mmoja wao, Adrien Atiman, alikaa miaka kadhaa kwenye masomo, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hapana haja ya kulinganisha kwa maneno. Na kwa mapadre wake Lavigerie aliweka sharti kwamba baada ya miezi sita wazungumze hata wao kwa wao kwa lugha ya wenyeji. Leo mtu anaweza kukaa mwaka katika nyumba ya malezi akabaki na "mwangaluka" peke yake, na tukampigia makofi.

Sisemi kwamba wageni wasije. Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sekondari, na mwaka 1961 ulianzishwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ukisimamiwa na chuo cha ualimu cha Columbia cha New York, kuleta Wamarekani katika shule za Tanganyika, Kenya na Uganda. Wengi walikuwa vijana wenye shahada bila ualimu. Hao hawakupelekwa darasani moja kwa moja. Walipitishwa Makerere kusomea diploma ya ualimu kwanza, wakakaa na wenyeji, wakafundisha chini ya jicho la mtu. Wazee leo wanawakumbuka walimu hao kwa majina. Na kwa asiye na mwaka mzima, ziko kozi za kimataifa za kufundisha Kiingereza kwa wageni, kama ile ya Cambridge iitwayo CELTA, za saa 120 hivi, ambazo mtu huzimaliza kwa wiki nne huku akifundisha wanafunzi halisi na kukosolewa. Wiki nne. Wakala wa bima aliyestaafu anazo.

Yuko aliyekwenda mbali zaidi. Ivan Illich, padre aliyeendesha kituo Cuernavaca, Mexico, ambako wamisionari na watu wa kujitolea walikuwa wakijifunza Kihispania, alisimama mbele ya wanafunzi wa Kimarekani mwezi wa Aprili 1968 akawaambia waje Mexico kutazama, kusoma, kupanda milima, lakini wasije kusaidia. Nia njema kwake ilikuwa sehemu ya tatizo. Sikubaliani naye hadi mwisho; Illich alikuwa hodari wa kuvunja, na nyumba ya Goweko ilihitaji mtu wa kusoma na vijana kwa sauti. Lakini alisema machoni mwa wageni kile ambacho sisi tunakisema jikoni baada ya wageni kulala.

Maana hilo ndilo la upande wetu. Mzee alijua. Tangu mwezi wa pili alijua kwamba darasa limemshinda. Mama alikuwa akimsikia akihesabu usiku siku zilizobaki. Alipoitwa ofisini na gambera, pamoja na yule mwalimu wa asali, na hatimaye mambo yakasemwa, hakukasirika.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mzee, wewe ni mgeni wetu."

"Ningewashukuru."

Miezi miwili iliyobaki ya masomo ilikuwa na manufaa kuliko iliyotangulia. Mwalimu alishika darasa. Aligawa vijana kwa uwezo wa kusoma, hakujali nani anaongea zaidi. Akaleta hadithi fupi zilizorahisishwa kwa ngazi, za aina aliyoizoea tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wakati ule, baada ya Criper na Dodd kuonyesha mwaka 1984 kwamba wanafunzi wengi wa sekondari zetu hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza, serikali ilipata mradi kutoka Uingereza uliosambaza vitabu vya namna hiyo shuleni. Kila kijana asome kingi, chepesi, kila siku, kisha kigumu kidogo. Mzee akapewa kazi anayoiweza: kusoma mihadhara kwa sauti, polepole kisha kwa kasi ya kawaida, vijana wakiandika muhtasari, na kurekodi sauti yake kwenye simu wakasikilize tena. Aliifanya kwa furaha ya mtu aliyeshushiwa mzigo. Mama alizipanga hesabu za nyumba, ambazo Mungu anajua zilihitaji mhasibu, na akamwandikia yule frateri wa Kivu barua ya kumwomba radhi, kwa Kiswahili, makosa yakiwa mengi.

Walipoondoka, gambera aliuandikia uongozi wa shirika kuomba mshahara wa mwalimu, nusu ya siku kwa mwaka mzima. Alitaja kwamba Tabora ina chuo cha ualimu, na kwamba chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo, kinasomesha walimu mwendo wa vituo vichache vya reli kutoka Goweko. Mhazini akajibu kwa sentensi mbili: fedha ni chache, na kwa nini tulipe wakati wako wanaokuja bure? Aliambatanisha barua pepe mpya, ya kijana wa chuo kutoka nje aliye tayari kwa miezi sita.

Gambera alichukua kalamu akapiga hesabu ya mwaka mmoja wa frateri aliyerudishwa: chakula, matibabu, kibali cha ukaazi cha mgeni, ada iliyokwisha kulipwa Nairobi na isiyorudishwa, nauli ya kwenda na kurudi. Akaiweka kando ya mshahara aliouomba. Mshahara ulikuwa mdogo. Akapeleka karatasi hiyo bila maelezo mengi. Kwa kijana wa chuo aliandika mwenyewe, kwa heshima, akiuliza kama amewahi kufundisha, amefundisha nani, kama yuko tayari kukaa miezi yake ya kwanza akijifunza Kiswahili na kumsaidia mwalimu wa nyumba, na kama anakubali kwamba ripoti za vijana ataziandika mwalimu huyo peke yake. Kijana alijibu baada ya wiki mbili kwamba atasoma kwanza, aandike tena mwakani.

Mshahara ulikubaliwa kwa mwaka mmoja, kwa masharti ya kuombwa upya. Frateri wa Kivu alikwenda Nairobi Agosti iliyofuata, na kwa utaratibu wa shirika wenzake aliokuwa nao Goweko wataweka nadhiri na kupadrishwa mwaka mmoja kabla yake.